Mama, Mgeni wa Basari Alishiba Kwako

Mama mpendwa,

Wiki hii vijana watatu wamenijia na fomu za basari, ule msaada wa karo ambao baraza humpa mtoto aliyepata nafasi ya chuo kikuu na nyumbani kwao hakuna kitu. Wote watatu walikwama mahali pamoja: "Eleza mali ya mzazi." Mmoja akaniuliza kama kuku ni mali. Nilicheka mpaka wakatazamana, maana nilikukumbuka wewe na yule mgeni wetu.

Ni masika ya pili tangu tukuzike. Mto umefurika, mashamba ya kijiji chetu cha Minjila yako chini ya maji, na watu wanasema mwaka huu mpunga utakubali. Ungekuwapo ungekuwa umeshanisumbua nije nikusaidie kupanda, ualimu wangu ungeuona si kazi ya kumzuia mtu.

Unakumbuka barua ya chuo ilipokuja? Miaka hii ya hamsini ilikuwa bado michanga, na mtu wa huku aliyetaka chuo kikuu alipanda gari moshi hadi Uganda. Ulinitaka nikusomee barua ile mara tatu, ingawa ilikuwa ya Kiingereza na hukuelewa hata neno. "Inasomeka vizuri," ulisema, ukarudi jikoni. Baba alikuwa amekufa zamani. Wewe ulikuwa na kipande cha shamba ambacho mto ulikipunguza kila mwaka, migomba kadhaa, na mikono yako. Bila basari ningebaki hapo nikifukuza ndege mpungani, na sote wawili tulilijua hilo.

Nilijaza fomu, chifu akatia sahihi, mwalimu mkuu akaandika maneno mazuri kunihusu. Kikabaki kitu kimoja. Baraza lilituma habari kwamba mkaguzi atakuja Jumamosi kuitazama nyumba, aone kama kweli hatujiwezi.

Hapo ndipo uliposikia neno moja tu: mgeni.

Nilikuomba, Mama. Nilikuambia vaa ile kanga iliyochanika, tandika mkeka mbovu, mpe maji tu. Nilikueleza kwamba mtu huyu anakuja kutafuta umaskini, basi tumwonyeshe, tunao wa kutosha. Ulinitazama kama niliyetukana kanisani.

"Mgeni anakuja kwangu, mimi nimwonyeshe njaa yangu?" ulisema. "Njaa ni yangu. Si ya kusalimia watu. Nenda kachote maji."

Kuanzia Alhamisi kijiji kizima kilifanya kazi yako. Viti viwili vikatoka kwa mwalimu wa kanisa. Sahani za maua na vikombe vikatoka kwa mke wa mwenye duka, na kanga mpya pia ilikuwa yake. Jirani akatoa jogoo, wewe ukamchinja kuku wako wa pekee, yule mwekundu aliyekuwa akitaga. Rafiki yako Barisa, yule mfugaji wa Kiorma uliyekuwa ukibadilishana naye mchele kwa maziwa, akaleta samli kibuyu kizima. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mgeni wa nyumba moja kwetu hulishwa na nyumba zote, na wewe mwenyewe ulikuwa umekwisha kutoa ya kwako mara nyingi kwa wageni wa wengine.

Mkaguzi alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye viatu vyeusi. Alikula wali kwa samli, akala kuku, akala kambare wa kukaanga, akafungua kifungo kimoja cha shati. Wakati huohuo ng'ombe wa Barisa walikuwa wakiteremka malka, ile njia yao ya kwendea maji, inayopita nyuma ya nyumba yetu. Walijaa ua wote mpaka mlango wa jikoni. Mkaguzi aliwatazama, akatoa kalamu, akaandika. Mtu yeyote wa mto angejua kwamba sisi Wapokomo, watu wa mashamba, hatufugi ng'ombe. Yeye hakujua, na mimi nilikuwa nikimnawisha mikono, nikaona si adabu kuchungulia alichoandika.

Jibu likaja baada ya wiki mbili: mzazi anajiweza, ombi limekataliwa. Nilikutafsiria. Ukauliza, "Hakuandika kama alishiba?"

Nilinuna siku mbili. Nilikuambia kuku wako amenikosesha chuo. Hukujibu ukali kwa ukali. Siku ya tatu ulinikuta nimekaa ukingoni, ukaniambia niende nikaoge, kesho tunakwenda Garsen barazani, utawaambia mwenyewe.

Tulitembea alfajiri katika vumbi la kiangazi, wewe mbele na Barisa na fimbo yake nyuma yetu. Ulikuwa umevaa ile kanga iliyochanika, kwa kuwa ya mke wa mwenye duka ilikuwa imekwisha kurudi kwake. Baraza lilijaa wazee, makarani, wanafunzi wenzangu wa misheni, na Bwana DC mwenyewe alikuwa mezani. Ulipoitwa ulisimama katikati ya watu ukasema kwa Kiswahili chako cha sokoni:

"Bwana, mtu wako alikula kwangu. Mimi nafurahi alikula. Lakini ameandika vitu vya watu kuwa vyangu. Viti, vya mwalimu. Sahani, za mke wa duka. Jogoo, wa jirani. Kuku mmoja ndiye wangu, na huyo hayuko tena, mtu wako mwenyewe ni shahidi."

Baraza likaangua kicheko. Mkaguzi akainamia makaratasi yake. Bwana DC akauliza kwa nini hukumwambia siku ileile.

"Mtu ana tonge mkononi, mimi nimwambie hii si yangu? Atamezaje?"

Mkaguzi akauliza kwa sauti ndogo, na wale ng'ombe je? Hapo Barisa akasimama. Wewe na mimi tulijua anachofanya, maana siku zile hakuna mfugaji aliyetaka serikali ijue mifugo yake. Waliojulikana walikuwa wa kwanza kuamriwa wauze.

"Ngombe ile yangu," alisema. "Yote yangu. Inakuja kunywa maji, inarudi. Huyu mama hana ngombe hata moja. Mpokomo na ngombe wapi na wapi?"

Kisha ukamaliza wewe. "Mtu wako arudi leo, sasa hivi. Asilete barua. Mgeni akileta habari mbele, mimi sina njia ila kumwandalia."

Alirudi jioni ileile. Alikuta mkeka, jembe, vyungu viwili na taa isiyo na kioo. Ulimpa maji ya mtungini, akanywa amesimama, akakushukuru kwa mikono miwili. Mwezi haukuisha, basari ikatoka: karo, nauli ya gari moshi, pesa za vitabu, hata blanketi. Miaka yote niliyokaa chuoni sikukuomba hata senti, na bado kila lori lililotoka Garsen lilinibebea kifurushi chako cha kambare wakavu. Wenzangu wa bwenini walilalamika harufu na wakawamaliza.

Nimeona wasomi wengi tangu hapo, Mama. Nimesikia mahakimu na maprofesa wakisema. Sijamsikia mtu aliyesimama mbele ya serikali akaomba msaada na asijidunishe hata kidogo, ila wewe. Hukusema wewe ni maskini. Ulisema tu kila kitu ni cha nani. Hawa vijana watatu nimewaambia waandike hivyohivyo.

Lakini sikuandikii hayo tu. Ninaandika waziwazi, na watu wa Minjila nao wataisoma barua hii, kwa sababu kuna jambo wanalolijua vibaya.

Ulipokwisha kusema siku ile, watu wakiwa bado wanacheka, Bwana DC alikuuliza, "Na huyo mwanao yuko wapi?" Mimi nilikuwa kibarazani pamoja na wanafunzi wenzangu, nimevaa suruali ndefu. Mmoja wao alikuwa ananong'ona kuhusu kanga yako. Nilisikia swali. Miguu yangu ilikuwa mizima. Nilikuonea haya, Mama, nikatazama chini. Ni Barisa aliyeninyoshea fimbo akasema, "Yule pale."

Ukanigeukia. Sikuona hasira usoni mwako, na hilo ndilo lililoniumiza. Njiani kurudi ulizungumza habari za mvua.

Kesho yake wanawake walikuja kukuuliza yaliyotokea Garsen, nami nilikuwa nyuma ya ukuta nikikusikia. Uliwaambia Bwana DC aliuliza mwanao yuko wapi, na mimi, Jilo wako, nikasimama mbele ya watu wote nikasema kwa sauti, "Mimi hapa, na huyu ni mama yangu." Wakapiga vigelegele. Ulisimulia hivyo mwaka ule na miaka iliyofuata. Barisa alikuwapo mara nyingi ukisimulia, na hakukusahihisha. Siku ya mazishi yako mchungaji alisimulia hivyohivyo, watu wakaniangalia kwa heshima, nami nikaipokea.

Sikusimama, Mama. Watu wote wajue kwamba sikusimama.

Lala salama huko uliko. Huyu ni mama yangu.

Ni mimi mwanao,
Jilo