Chumba cha Majembe

Jumatatu, 4 Machi
Mafundi wamekuja kukarabati bustani ya marehemu Bwana. Banda la vioo litakuwa mgahawa — sawa. Na hiki chumba cha majembe, nilicholala miaka kumi na tisa nikimtunzia bustani?
"Hapa vyoo, babu," kasema msanifu. Msichana wa heshima, kofia ngumu kichwani. Kasema kwa upole, kama anayetoa pole ya msiba.
Vyoo.

Jumanne, 5 Machi
Binti yangu kapiga simu: baba, hamia kwangu, nafasi ipo. Ipo, na mkwe wangu yumo. Bora vyoo.
Nimegundua kitu. Msanifu ana daftari, kila ninalosema anaandika. Nimemwambia kuwa fundi chokaa ni mvivu. Kaandika. Fundi kanuna.

Jumatano, 6 Machi
Shetani kanipitia. Nimemwambia msanifu kuwa Bwana, mkewe alipomkimbia, alikuwa akijifungia humu kulia. Nikamwonyesha na doa sakafuni alipopiga magoti. (Doa la gunia langu la mbolea.) Machozi yakamlenga.
"Mzee, utaungua na mvi zako," kaninong'oneza fundi chokaa.
Kweli mke alikimbia. Ila Bwana hakuwahi kukanyaga humu. Aliogopa buibui.

Ijumaa, 8 Machi
Vyoo vimehamishiwa nyuma ya kisima! Nimecheka peke yangu mpaka kikohozi kikanishika.

Jumatatu, 11 Machi
Njia ya mwongo fupi. Leo kaja mtaalamu wa mambo ya kale, na tai yake. Kapiga doa picha, kapiga na magoti. Kaamua: chumba kirudi kama enzi za Bwana, kamba mlangoni, watu wachungulie tu. Kitanda changu kitoke, ni "nyongeza ya baadaye". Sikuuliza mimi ni nini.
Nikamvuta msanifu pembeni, nikatubu yote. Mpaka buibui. Hakukasirika — heri angekasirika. Kafungua daftari.
"Sawa, babu. Kama Bwana hakulia humu, vyoo vinarudi. Kama alilia, tunafunga kamba. Mtaalamu anangoja garini. Niandike lipi?"
Nimeomba nivae viatu kwanza. Nimekaa kitandani, nimevaa kimoja. Yuko mlangoni, kalamu yake inagonga mbao — ko, ko. Fundi chokaa kachungulia dirishani, anauliza kama nahitaji mtu wa kubeba kitanda.
Nimemwambia aingie, akikalie pamoja nami. Wawili hatubebeki.