Ngozi ya Siku Kumi na Mbili

KAMATI YA MAABARA YA KUOTESHA NGOZI, DUNDA, BAGAMOYO
Kumbukumbu za kikao cha Jumatano, 18 Juni 2025, chumba cha chai (ukumbini kuna harusi)

Waliohudhuria: Dkt. Yogesh, Mwenyekiti, Bw. Shabbir, mjumbe na fundi wa vyerehani, Bi. Mwanvita, Katibu na mtaalamu wa maabara, Bi. Maulida, mgonjwa, mwalikwa
Hakuhudhuria: Bw. Msabaha (gari limemharibikia Chalinze, tena)

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:10 alasiri. Aliuliza Katibu anachekelea nini. Katibu aliomba asubiri ajenda.

KUMB. NA. 2/6/2025: AGIZO LA MWEZI MEI
Mwenyekiti alikumbusha kwamba mashine ya Bw. Shabbir iliagizwa iondolewe. Ilitakiwa kubembeza sahani za chembehai. Bw. Shabbir aliifunga mota kwa mazoea ya cherehani, ikawa inavuta utando wa ngozi na kuuachia. Bw. Shabbir aliomba radhi kwa mara ya tatu. Katibu alikiri kwamba hakuiondoa. Mwenyekiti alitumia neno "ukaidi". Limeandikwa.

KUMB. NA. 3/6/2025: MATOKEO
Katibu alieleza kwamba ngozi iliyooteshwa kutokana na chembe za Bi. Maulida, ambayo huchukua siku ishirini na nane, imekomaa kwa siku kumi na mbili kwenye mashine hiyo. Ngozi ya sahani mbili zisizovutwa bado ni nyembamba kama utando wa maziwa. Mwenyekiti alitazama kwenye hadubini mara tano, chai yake ikapoa. Bw. Shabbir aliacha kuomba radhi na kuanza kuliita kosa lake ubunifu. Furaha ilikuwa kubwa, na Katibu haoni sababu ya kuificha.

KUMB. NA. 4/6/2025: KUPANDIKIZA
Mwenyekiti alitaka jaribio lirudiwe kwanza, mwezi mzima. Bi. Maulida, msuka ukili wa mikeka aliyeungua mkono wa kulia kwa mafuta ya kukaangia, alisema: "Daktari, kila siku mnayokawia, vidole vyangu vinazidi kujikunja. Mwezi ukiisha nitasukia nini?" Mwenyekiti aliuliza kuhusu vipimo. Katibu alijibu kuwa ngozi haina vijidudu na kibali cha maadili kipo. Iliazimiwa vipimo virudiwe kesho. Vikiwa safi, apandikizwe Jumamosi.

Mwenyekiti alipendekeza fomu ya ridhaa ipigwe dole gumba. Bi. Maulida alikataa, akaandika jina lake kwa mkono wa kushoto. Kikao kilimngoja. Alisema mwandiko ule si wake, ataandika tena akipona. Mwenyekiti aliagiza mstari mmoja uachwe wazi chini yake.

Kikao kilifungwa saa 10:40 jioni.

Dkt. Yogesh, Mwenyekiti ....................
Mwanvita, Katibu ....................