Barua Aliyotusomea Hemedi

Leo ni Ijumaa, tarehe 16 Januari 2026.

Mwanangu Tunu,

Maharage yapo jikoni, yaunge kwa nazi. Kuku wafungulie. Mimi nimekwenda Magindu kumchukua kaka yako Mudathir.

Asubuhi hii, nikitafuta daftari langu la kisomo cha watu wazima, nimeikuta ile barua ya kliniki ambayo baba yenu mdogo Hemedi alinisomea ulipokuwa Kisarawe. Alisema Mudathir amefukuzwa kwenye methadoni, ile dawa ya kuachia unga, hivyo akamchungie ng'ombe wake huko Magindu, "apate akili." Leo nimeisoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Hakufukuzwa. Ameitwa achomwe sindano mpya, inayotuliza hamu ya huo unga wa kulevya mwezi mzima, asihangaike tena kwenda kunywa dawa kila siku. Mwisho wa kufika ni Jumatatu. Mwanangu ametetemeka porini kwa arosto ya kukosa dawa kwa sababu mtu alitaka mchungaji wa bure!

Barua ninayo mkobani.

Hemedi atakuja kula baada ya swala, kama kawaida yake. ~~Mwambie hakuna chakula.~~ Hapana. Mkaribishe, mpe shikamoo yake, mnawishe mikono. Babu na wageni wapakulie washibe. Sahani ya Hemedi ifunike kwa kawa, na ndani yake usiweke hata punje ya wali. Weka kikaratasi hiki ninachokuandikia.

Akikifunua, mwombe awasomee wote kwa sauti, Babu, baba yake mzazi, akisikia. Wewe simama nyuma yake ufuate mistari, asije akaruka neno.

Mama yenu