Ukuta wa Msanii Kijijini Gitting

Alhamisi

Ukuta wa msanii umekandikwa upya. Aliyenithibitishia ni mwenyekiti wa kijiji, naye alikuwa anatabasamu.

Kwa wiki mbili bwana huyu wa Dar es Salaam, mwalimu aliyetumwa na wizara, amewachora wakulima kwa vidole kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, kwa mavi ya ng'ombe, majivu na makapi ya ngano. Yeye huyaita malighafi ya Ujamaa. Hakumwuliza mtu hapa huyatumiaje. Leo alipokwenda mjini Katesh, akina mama, wakijua mgeni wa wizara anakuja na ukuta umejaa matuta, wakausawazisha kwa malighafi ile ile.

"Shikamoo mama," alimwambia mmoja wao aliporudi. "Wakulima wangu wako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Tumekumalizia kazi. Ulikandika vibaya, lakini usione aibu, wanaume hamjui."

Sikucheka mbele yake. Mgeni asipoona kitu, wizara itamrudisha kufundisha darasa la kwanza. Nami, mwandishi wa habari, nimeshatuma gazetini sifa za michoro ambayo haipo, kwa hiyo...

Kesho asubuhi mama yule atamfundisha kukandika, ili awachore upya wakulima wake. Mgeni anafika Jumamosi, saa nne.