Video ya Mahari Iliyokataa Kufunguka

Jumanne, 5 Agosti
Sweta za shule, mikono bado. Miguu imevimba kwa kukanyaga cherehani. Mume wangu Wafula yuko mochari na mimi nashona, maana wenye watoto hawangoji.
Simiyu, kaka yake mkubwa, amepiga simu kutoka kwao Kabuchai. Mazishi ni Jumamosi. Nisijisumbue kuja. Ati sikuolewa, nilikaa tu na ndugu yake Kitale. Wazee wataketi Ijumaa kulimaliza.
Simiyu huyo alikuja kwetu Endebess na ng'ombe wa mahari. Alikula kuku wetu. Nimechoka hata kukasirika.

Jumatano, 6 Agosti
Siku ya mahari ilirekodiwa. Nimekumbuka nikiosha vyombo. Flashi yenye video ilikuwa chini ya vitambaa, nikaichomeka kwa simu. Simu ikasema haiwezi kufungua faili hii.
Nimeenda kwa Bwana Harjit wa duka la picha, aliyeirekodi. Kamera alishauza. "Mama Naliaka, hii ni faili ya zamani, simu za sasa haziijui. Enda saiba waibadilishe kwa mtandao, iwe MP4." Mkewe akanipa chai na pole. Pole ya kwanza leo.
Kule saiba, Doreen anayehudumia kompyuta akaipakia. Tovuti ikaikataa, ati ni kubwa mno. Tovuti nyingine ikakubali. Ule mstari ukatambaa, ukatambaa, ukakaribia mwisho. Stima zikapotea.
Nimerudi nyumbani Tuwan mikono mitupu. Naliaka ameuliza kama baba atazikwa bila sisi. Nimemwambia ale.

Alhamisi, 7 Agosti
Doreen ameikata faili vipande. Kipande cha kwanza kimetoka na picha, sauti hakuna. Midomo ya Wafula inacheza tu. Nililia palepale, watu wakichapisha barua zao za kuomba kazi. Aibu, lakini basi.
Doreen akabadilisha mpangilio wa sauti, akaanza upya. Mtandao wa kobe. Nimekaa kwa benchi mchana kutwa, mgongo unauma.
Jioni sauti ikatoka: "Mama, kaa hapa kivulini." Wafula, anamwambia mama yake. Sauti nzima, ya kabla ya ugonjwa. Nilikuwa nimeisahau.
Video iko kwa simu yangu sasa. Sina furaha. Nina usingizi.

Ijumaa, 8 Agosti
Kabuchai. Wazee kwa viti vya plastiki. Simiyu aliongea kwanza, akaongea sana. Zamu yangu ilipofika sikuhutubia. Niliweka simu mezani, nikabonyeza.
Huyo hapo Simiyu, koti la kijivu, anamkabidhi baba yangu kamba ya ng'ombe. "Tumewaletea mahari ya binti yenu." Sauti yake, safi kabisa. Mzee mmoja akacheka.
Simiyu hakutikisika. "Si siku hizi kompyuta inatengeneza video ya mtu yeyote, bana?" Wazee wakatazamana. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilitaka kuchukua simu nirudi nyumbani.
Ndipo mama mkwe wangu, aliyekuwa kimya tangu tufike, akanyoosha mkono. "Lete hapa." Akaishika simu karibu na jicho. Akatazama mpaka mwisho, machozi yakishuka, hayafuti.
"Simiyu, mimi nilikuwa hapo. Nimenyamaza juu wewe ndiye unanilisha. Huyu ni bibi ya Wafula."
Simiyu akaondoka. Wazee wakaniambia nikae upande wa familia.
Sikuhisi ushindi. Nilihisi njaa.

Jumamosi, 9 Agosti
Tumemzika. Nilikaa mbele na Naliaka. Simiyu alishika sepeto kama wengine, hakunitazama. Manyunyu kidogo. Sina la kuongeza.

Jumatano, 13 Agosti
Mama mkwe yuko kwangu Tuwan. Hakufukuzwa. Alifunga nguo zake kwa leso asubuhi tukiondoka, akatufuata bila kuuliza. Nami sikumuuliza.
Hatuongei sana. Anachambua maharagwe, anamsuka Naliaka, anasema Kitale kuna baridi.
Mchana huu amelala kidogo kitandani kwa Naliaka, uso ukutani. Viatu vyake alikuwa amevipanga mlangoni, kama mgeni wa kuondoka. Nimevitoa hapo. Nimeviweka chini ya kitanda changu, kando ya viatu vyangu.