Uwakili Wako Siupokei

Kwa mkono wa Duka la Hasanali,
Mabawa,
Tanga.
Tarehe 6 Oktoba

Mpendwa mwanangu Mudathir,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Sumbawanga, na kwamba baridi yenu haijakupanda kifuani kama mwaka jana. Kazi ya maabara inakwendaje? Lile blanketi zito alilokutumia mama yako bado unalo, au umempa mgonjwa kama kawaida yako? Shikamoo yako nimezoea kuipokea kwa mbwembwe, lakini safari hii siidai. Ukinipa, nitaitikia marahaba kwa mikono miwili. Ukininyima, sababu naijua.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Goti la mama yako limetulia tangu aache kuteka maji mwenyewe. Vuli imeanza kudondoka kidogo kidogo, na paa la uani lililokuwa linavuja nimeliziba mwenyewe, siku moja tu, bila fundi. Haya, fundi alikuwepo. Miye nilishika ngazi. Nimejiapiza kusema kweli katika barua hii, basi acha nianze na ngazi.

Simu zangu hupokei na ujumbe wangu husomi, wala sikulaumu. Tena afadhali. Kwenye simu, nikishajua tu kuna sikio upande wa pili, ulimi wangu unaanza kuvaa nguo za Idi. Karatasi haicheki. Ndiyo maana nimenunua daftari na nimekaa nalo tangu asubuhi, na huu ni ukurasa wa nne kuandika, tatu nimezichana.

Najua kile kipande cha redio kinachozunguka kwenye simu za watu kimekufikia. Umesikia dakika moja na nusu. Nataka ujue na zilizotangulia, si kwa kujitetea, maana zikijulikana ndiyo kwanza nazidi kuharibika.

Siku ya mdahalo wa wagombea urais, Hasanali alitoa televisheni yake barazani akaipandisha juu ya magunia ya mchele. Tulikuwa watu mia mbili. Tulikuwa thelathini. Jukwaani walikuwa watatu: yule wakili mwenye sauti nzito, Bi Leticia mfanyabiashara, na mwalimu mmoja mstaafu wa chama kidogo ambaye hata bango lake hapa Mabawa sijaliona. Nikachambua tangu salamu ya kwanza. Nilichambua hadi watu wakaniomba ninyamaze wawasikie na wagombea.

Miongoni mwetu alikuwepo Bibiana, binti mtangazaji wa redio moja ya hapa mjini. Alikuwa anatafuta watu watatu wa mtaani waende studio asubuhi yake, wawape wagombea alama juu ya kumi. Nikamwambia asihangaike, kwamba miye nimefanya kazi na maprofesa kule kituo cha utafiti cha Amani, na kupima na kulinganisha ndiyo mkate wangu. Weye unajua nilichofanya Amani. Nilibeba masanduku ya vipepeo miezi minne, nikateguka kifundo cha mguu, nikarudi. Asubuhi ile Bibiana akanitangaza hewani kuwa mtafiti mstaafu. Sikumsahihisha. Nilikohoa tu, kama mtafiti.

Tulikuwa mezani miye, kijana mmoja mwalimu wa tuisheni, na mama muuza vitenge wa Usagara. Yule mama ndiye aliyekuwa hakimu wa kweli pale. Alikuwa ameandika kila swali na kila jibu kwenye karatasi ya bei. Alisema Bi Leticia aliulizwa habari ya maji ya bomba akajibu habari ya barabara, na kwamba yeye mteja akiuliza kitenge hampi khanga, kwa hiyo anampa nne. Studio nzima ikacheka. Kijana naye akatoa lake, wakacheka. Miye nilikuwa sina karatasi. Wakili nilimpa nane kwa ile sauti na mkunjo wa suruali. Bi Leticia nikampa sita, kwa kuwa alimkatiza mwenzake kwa adabu. Hakuna aliyecheka, na jambo hilo likaanza kuniwasha.

Sasa nikwambie ya yule mwalimu, kama nilivyomwona kwa macho yangu mawili. Waliulizwa wote kwa nini mkulima wa mkonge bado anauza bila kusindika. Wakili alisifu bahari yetu. Bi Leticia aliwasifu kina mama wa Tanga. Mwalimu alifika kwenye neno moja akakwama. Alinyamaza, akashusha pumzi, neno likaja, akaendelea. Basi, hayo tu. Hakurudia herufi wala hakutikisa mkono. Kisha akasema mashine zinazotakiwa ni ngapi, nani azimiliki, na itachukua miaka mingapi, na akakiri kuwa bei ya moja ya hizo mashine haijui na ataiuliza. Pale barazani hata miye nilitikisa kichwa kumkubali. Kwa haki ya Mungu, yeye ndiye aliyejibu.

Bibiana akaniuliza, "Na mwalimu je, mzee wetu, unampa ngapi?"

Tisa ilikuwa kinywani mwangu, Mudathir. Nilikuwa nayo, imeshakaa kwenye ulimi. Lakini wenzangu walikuwa wamechekesha na miye bado. Nikaimeza tisa, nikafanya ulichokisikia. Nikaivuta herufi, nikairudia, nikavuta tena, na kila neno lilipogoma nikagonga meza kwa vidole viwili. Nikasema rais huyu akitangaza vita, adui atakuwa ameshafika Korogwe anakunywa chai kabla sentensi haijaisha. Kijana wa tuisheni alilaza kichwa mezani kwa kicheko. Mama wa vitenge hakucheka, sasa ndiyo nakumbuka. Nikampa mwalimu mbili.

Kwa siku mbili nilikuwa sultani. Kahawa sikuinunua. Wapiga debe stendi waliniita kwa jina. Watu wakiniomba ile sauti, naitoa. Usagara peke yake niliitoa mara tatu, na mara ya tatu hawakuniomba. Hili hulijui na ningeweza kulificha.

Siku ya tatu nilikwenda dukani kununua majani ya chai. Hasanali hakuwepo, nikamkuta mkewe, Ummehani, kwenye kaunta. Unamjua, si mtu wa maneno. Alipima chai, akafunga, akanisukumia, halafu akasema:

"Bwana Jumbe, yule mwalimu nimemwona kwenye televisheni. Hakugonga chochote. Anayegonga ni Mudathir."

Akageuka kumhudumia mtu mwingine. Miye nikabaki na chai mkononi.

Maana ilikuwa kweli. Nilikuona weye, una miaka saba, umetumwa sukari, unagonga kioo cha kaunta ile ile kwa vidole viwili neno likiwa limekukaba, na Ummehani anangoja. Foleni nyuma yako imefika barabarani, naye anangoja tu, kana kwamba hana kazi nyingine duniani. Na nyuma yako nimesimama miye, ami yako, ninapaza sauti, "Sukari! Anataka sukari, mpe aende." Miaka yote hiyo nimekumalizia maneno yako, nikijiambia nakusaidia.

Lipo baya zaidi. Siku za Idi, ukishaondoka sebuleni, nilikuwa nakuiga. Wageni wakicheka, mama yako naye akicheka kwa kujilazimisha, kwa kuwa nilikuwa shemeji mkubwa na nyumba ilikuwa imejaa. Nilijiambia hujui. Lakini mwaka mmoja niliiona miguu yako chini ya pazia la mlango. Niliiona, nikaendelea, kwa sababu kisa kilikuwa kimefika penye utamu. Nimekaa na miguu ile hadi leo sijamwambia mtu.

Basi yule niliyempa mbili redioni hakuwa mwalimu.

Jioni ya siku ile ile mama yako aliniita kwake. Dada yako Sabra alikuwa anaandaa chakula. Mama yako alinipa simu nisome mwenyewe ulichomwandikia: "Siku ya nikahi ya Sabra ami asimame mahali pangu. Yeye ndiye msemaji. Mimi sitaki kuja kuchekesha watu."

Tangu baba yenu, marehemu kaka yangu Nasri, atutangulie, walii wa Sabra ni weye. Sheria imekutanguliza kaka mtu kabla yangu miye ami. Una haki ya kumpa mtu uwakili akuozeshee, na umenichagua miye. Sasa nikwambie neno ambalo hata mke wangu halijui: moyo wangu ulianza kwa kufurahi. Kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai nilikuwa nimeshachagua kanzu, nimeshausikia msikiti wote ukitulia kunisikiliza. Baada ya yote hayo, Mudathir. Baada ya Ummehani. Ndivyo nilivyo, na ndiyo maana naandika.

Sabra aliweka sahani chini. Akasema, "Ami, sitaozwa kwa sauti iliyomcheka kaka yangu. Kama kaka haji, nikahi ingoje."

Mama yako alimwambia apunguze sauti. Hakupunguza. Aliniwekea samaki, kipande kikubwa kama siku zote, akaenda zake ndani, na samaki yule sikumweza. Kesho yake upande wa bwana harusi waliambiwa kuwa tarehe 24 huenda ikasogea. Hawakupendezwa. Wameshaalika watu hadi Pangani, na mama wa kijana anauliza kuna kasoro gani upande wetu. Kasoro ni miye, lakini hakuna aliyetaka kunitaja, wakasema ni mambo ya safari.

Nilirudi redioni. Hapa zamani ningekuandikia kwamba nilipiga meza studio ikatetemeka na watangazaji wakatoa machozi. Haikuwa hivyo. Nilimwambia Bibiana nataka kumrudishia mwalimu alama zake hewani. Akasema vizuri sana, ila kwanza niitoe ile sauti kidogo, wasikilizaji wakumbuke. Hakuwa na ubaya, miye ndiye niliyemzoesha. Nikamwomba anisamehe, nikashuka ngazi. Kejeli yangu imesikika mji mzima. Toba yangu aliisikia mlinzi wa mlangoni, na sidhani kama alinielewa.

Nikaenda kwa sheikh wa msikiti wetu kumuuliza kama walii mwenye kigugumizi kuozesha kwake kunakubalika. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa iwapo maji ya bahari yana chumvi. Akasema, "Bwana Jumbe, maneno ya nikahi hayana saa. Atasema, nasi tutangoja."

Haya basi, mwanangu. Uwakili wako siupokei. Ukitaka kumpa sheikh, ni haki yako, mpe, na Sabra nitakwenda kumsihi miye mwenyewe akubali. Lakini miye usinipe, maana nitaupenda. Na kama moyo unaweza, njoo. Usije kwa ajili yangu. Ukipita mbele yangu bila salamu nitajua umepita kwa haki. Njoo kwa ajili ya dada yako, ambaye hajaagiza hata hina mpaka ajue jibu lako.

Nimemwomba sheikh siku hiyo anikalishe safu ya mwisho kabisa, kule penye viatu. Ameshangaa, kwa kuwa ami wa bibi harusi mahali pake ni mbele. Sikumweleza, lakini weye nakueleza. Ninajijua. Neno likikugomea, mdomo wangu utataka kulimalizia, na sina hakika ya kuuzuia. Nikiwa kule nyuma, hata mdomo ukiniponyoka hutanisikia.

Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Mke wangu Najat anakusalimu, naye kanisemesha leo kwa mara ya kwanza tangu juzi. Hasanali na Ummehani wanakusalimu, na binti yao Parveen anasema usisahau kumletea asali ya huko. Nisalimie Bi Beatrisi wa hapo maabara, yule aliyekuuguza mwaka jana. Mwambie huku Tanga ana ndugu.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani, akufikishe salama kama utaamua kuja, na akuhifadhi vivyo hivyo kama utaamua kubaki. Ulimi wako siuombei kitu, haujakosa. Nauombea wangu.

Ni miye nikupendaye, tena kwa aibu,
ami yako,
Jumbe