Skrini Inayozimika Angani

Suneka, Jumapili

Kaka Duncan,

Habari za huko Doha? Huku mvua imenyesha, majani chai yamechipuka na ng'ombe amezaa. Mimi nimechoka tu.

Kuna ndege ndogo hapa uwanjani imenitesa wiki nzima. Rubani analalamika kwamba skrini yake huzimika akiwa angani, kisha inawaka yenyewe. Akitua naikagua, haina kasoro. Nimebadilisha fyuzi, nimekaza nyaya, wapi! Ijumaa niliwasha injini, nikaiacha itetemeke mpaka ipate moto, nikapitisha mkono nyuma ya skrini. Plagi moja ilikuwa inacheza. Ndege ikitulia, nayo hutulia.

Jana nilipanda kwenda nyumbani Gesima. Nikamkuta Mama shambani, kikapu mgongoni, anachuma chai. Siku ya Sabato, Duncan! Mama yetu asiyekosa kanisa! Nilipomwomba turudi nyumbani akaniuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Ndipo ukapiga simu. Akachangamka, akakuuliza habari za kazi, akakuombea. Kisha ukaniambia, "Bochaberi, Mama yuko sawa. Acha wasiwasi." Sikukujibu kwa sababu alikuwa amekaa kando yangu, anatabasamu. Ulipokata, akaniuliza tena mimi ni mtoto wa nani.

Omba likizo uje. Usitupigie simu, hata ukishafika Kisii. Pitia nyuma, kwenye majani chai, umkute kabla hajajua ni wewe.

Ni mimi dada yako,
Bochaberi